Utalala kwa Nani? Kuzunguka Uganda Peke Yako, Kutoka Kisumu

"Utalala kwa nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza mama aliloniuliza nilipomwambia kwamba likizo ya Agosti nitakwenda Uganda siku 12, peke yangu, na begi moja mgongoni. Hakuuliza nauli wala usalama. Kwetu Luanda, kule Vihiga, mtu hasafiri kwenda mahali, husafiri kwenda kwa mtu. Unakwenda kwa shangazi Eldoret, kwa mjomba Nakuru, kwa binamu aliyepata kazi Nairobi. Ukifika unapewa chai na kitanda cha mtoto aliyehamishiwa sebuleni, na jioni unaulizwa habari za nyumbani mpaka usingizi ukushike. Sasa mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, anavuka mpaka kwenda kwa nani?

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu wakati huo nimekwenda mara mbili, na kila muhula unapokaribia kufungwa kuna mwalimu mwenzangu anayevuta kiti karibu na changu na kuniuliza nilifanyaje. Nimeamua kuandika yote. Namwandikia mtu aliye Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru, mwenye mshahara wa kawaida, anayedhani kuzunguka nchi ya watu na begi mgongoni ni kazi ya wazungu. Watu wa kwetu walianza zamani. Kila mwaka wapo Wakenya wanaotembea kwa miguu siku nyingi hadi Namugongo, nje ya Kampala, kuwahi Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda. Wanabeba blanketi na maji, wanalala makanisani njiani. Hao ndio wasafiri wa begi ninaowaheshimu kuliko wote.

Hosteli ni bweni

Huku kwetu ukitaja hosteli, mtu hufikiria vyumba vya wanafunzi wa chuo. Hosteli ya wasafiri ni kitu kingine. Unalipia kitanda, hulipii chumba. Chumba kimoja kina vitanda vinne, sita au vinane vya ghorofa, vile tulivyoviita dabodeka shuleni, na kila kitanda kina mgeni wake. Bafu, jiko na sebule ni vya wote. Kwa sababu hiyo bei huwa chini. Nilipoenda mara ya mwisho, kitanda Jinja nilikilipia shilingi 45,000 za Uganda kwa usiku, ambazo ni kama 1,600 zetu.

Kama ulisoma shule ya bweni Kenya, umeshafuzu. Unajua kwamba kufuli ni lako na ufunguo unakaa shingoni. Unajua kuamka mapema uoge kabla maji ya moto hayajaisha, na kuanua taulo kwenye kamba kabla halijapata mwenyewe mpya. Unajua pia kulala huku mwenzako wa juu akijigeuza na kitanda kikilia. Kitu kimoja tu kinabadilika: shuleni tulikaa kwenye kitanda cha yeyote tukipiga soga, lakini hosteli usikae kwenye kitanda cha mtu hata kama hayupo. Watu wengi pale hawana nafasi nyingine duniani iliyo yao usiku huo ila godoro lile.

Hosteli nyingi zina bweni la wanawake pekee na bweni la mchanganyiko. Mwanamke anayeanza, chukua la wanawake. Linazidi bei kidogo tu. Omba kitanda cha chini, kisha chomeka leso kwenye godoro la juu iwe pazia. Leso moja ikining'inia, una chumba chako.

Kuchagua, na kosa nililolifanya

Safari ya kwanza nilichagua kwa picha. Picha ilionyesha bustani, machela ya kamba yamefungwa mitini na mto nyuma yake. Haikuonyesha kwamba baa iko chini ya bweni. Muziki ulizima saa tisa usiku, nami niliamka saa kumi na mbili nikiwa na macho mekundu, siku ya kwanza ya safari niliyoiwekea akiba mwaka mzima. Kule hawakunidanganya. Wageni waliopita walikuwa wameandika wazi, mmoja baada ya mwingine, kwamba mahali pale ni pa sherehe. Mimi ndiye sikusoma.

Kwa hiyo soma maoni ya wageni kabla ya kuangalia picha. Anza na ya karibuni, ya miezi mitatu iliyopita, na utafute hasa yaliyoandikwa na wanawake waliosafiri peke yao. Angalia wanasemaje kuhusu kelele, maji, njia ya kufika usiku na makabati yenye mahali pa kufuli. Ukipata mahali panapokuvutia, wapigie simu au waandikie WhatsApp uulize mambo manne: Je, mapokezi kuna mtu usiku kucha? Kuna kabati la kufunga? Kuna chandarua kwenye kila kitanda? Kutoka steji hadi hapo ni boda ya bei gani? Nasikiliza jibu la hilo la mwisho kwa makini kuliko mengine. Mtu anayekutajia bei ya boda na alama ya kumwonyesha dereva ni mtu anayejali kama utafika.

Lipia usiku mbili za kwanza tu. Ukipapenda utaongeza, na usipopapenda utahama bila kulia pesa.

Begi

Lita 40 zinatosha, na jaribio ni hili: libebe likiwa limejaa, panda nalo ngazi za ghorofa tatu, kisha ushuke. Kama umetweta, punguza. Mimi hubeba nguo za siku nne na kipande cha sabuni ya mche, maana kufua si jambo la kujifunza. Leso ni mbili: moja ya pazia, nyingine ya kuogea na kujifunika, na ndiyo niliyojitanda nilipoingia Msikiti wa Taifa pale Old Kampala. Nabeba malapa ya bafuni, kufuli, tochi ndogo na sweta nzito, kwa sababu Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda, iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 na jioni baridi inauma. Chaja yako ya nyumbani itaingia, soketi zao ni za miguu mitatu kama zetu. Dawa zako za kila siku zitoshe safari nzima na siku tatu zaidi.

Vitu vyote viweke ndani ya mifuko ya kitambaa. Usiku watu wamelala, mfuko wa nailoni ukichakacha unaamsha bweni zima. Na ukiondoka alfajiri, panga begi lako jioni iliyotangulia, ulibebe mzima mpaka korido ndipo uvae viatu.

Karatasi

Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo mimi hubeba pasipoti, kwa kuwa nilipotaka kununua laini ya simu ya huko niliombwa pasipoti, na hosteli pia huandika namba yake kitabuni. Kitambulisho bado kiwe mfukoni. Kwenye hifadhi za wanyama za Uganda, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa mbali, lakini ni lazima uthibitishe uraia wako.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo watu husahau. Unachanjwa mara moja tu na kadi yake ni ya maisha, lakini huanza kuhesabika baada ya siku 10. Usiende kuchanjwa Ijumaa ili usafiri Jumatatu.

Piga picha za karatasi zote, jitumie mwenyewe kwa barua pepe, kisha mtumie mtu mmoja nyumbani. Kwangu mtu huyo ni dada yangu mdogo. Yeye pia ndiye tuliyekubaliana kwamba kila siku saa tatu usiku nitamwandikia nilipo, jina la hosteli na namba yake ya simu. Ikifika saa nne kimya, anapiga hosteli. Ikifika saa tano, anapiga polisi wa Uganda. Namba yao ni 999, lakini ni ya kupigwa ukiwa huko. Kutoka Kenya namba hiyo itakupeleka kwa polisi wetu, kwa hiyo nilimwachia namba kamili ya kituo cha karibu na hosteli, ambayo niliiomba mapokezi. Hajawahi kuhitaji kuipiga, lakini nilipojua kuna mtu anayeangalia saa kwa ajili yangu nililala vizuri zaidi.

Busia

Kutoka Kisumu hadi Busia ni kama kilomita 110. Panda matatu ya alfajiri, ya saa kumi na mbili, uvuke mpaka mapema na ufike unakolala jua likiwa juu. Hii ndiyo kanuni ambayo siivunji kamwe: mji nisioujua siuingii gizani. Matatu hupita Maseno penye mstari wa ikweta, kisha Luanda. Mama alikuwa amesimama steji na nduma zilizochemshwa, amezifunga kwa kitambaa. Hakusema kitu, alinipa kupitia dirishani na konda akagonga bodi twende.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi 2018. Ukielekea Uganda, kazi zote mbili, ya kutoka Kenya na ya kuingia Uganda, hufanyiwa upande wa Uganda, jengo moja. Hakikisha pasipoti imegongwa mihuri yote miwili kabla ya kuondoka dirishani. Watakuwepo vijana watakaokuambia wanajua njia ya mkato. Wasalimie, washukuru, endelea na foleni. Asiye na muhuri hayupo kisheria, na siku akiugua au akiibiwa atajua maana yake.

Busia ndipo lilipozaliwa neno boda boda, enzi vijana walipobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Wapo hadi leo, wa baiskeli na wa pikipiki.

Pesa. Usibadilishe barabarani. Safari ya kwanza nilimpa mtu shilingi 5,000, bei ikiwa 28, akanihesabia 140,000 kwa noti za elfu ishirini mbele ya macho yangu. Nilipofika kwenye taksi zilikuwa 120,000. Noti moja ilikuwa imekunjwa katikati, na alipohesabu ilipita mara mbili. Ingia duka la kubadilisha fedha lenye leseni ukutani, hesabu mwenyewe juu ya kaunta, noti moja moja, zikiwa zimenyooka. Omba na ndogondogo, maana boda hana chenji ya elfu hamsini.

Sufuri zao zitakuchanganya siku mbili za kwanza. Mimi nilijiwekea kipimo: elfu moja yao ni kama 36 zetu. Ukisikia "elfu kumi" usishtuke, ni 360.

Na hili ni la kurudi, nalisema sasa nisije nikasahau: mfuko wa plastiki, ambao kule wanauita kavera, bado utapewa sokoni. Kenya imeupiga marufuku tangu Agosti 2017. Uache upande ule.

Jinja

Uganda matatu ni taksi. Ukitaka gari la peke yako unaomba "special". Taksi za Busia kwenda Jinja hupita Bugiri na Iganga, kisha miwa ya Kakira inaanza, na ukiiona miwa ujue umekaribia. Uliza abiria wenzako nauli kabla konda hajafika kwako. Usiulize konda.

Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, pale aliposimama Speke, mvumbuzi Mwingereza, mwaka 1862 na kuandika kwamba amepata chanzo, wenyeji wakiwa wanakijua miaka yote hiyo, chukua mtumbwi wa pamoja na wageni wengine wa hosteli. Mkiwa sita mnagawana bei. Nilikaa mbele. Sisi tuliokua kando ya Mto Yala tunajua maji yake yanaingia ziwani, lakini sikuwahi kujiuliza yanatokea wapi. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa lile, na maji ya Yala, Nzoia, Nyando na Sondu yakishaingia hayana mlango mwingine ila huu wa Jinja. Nilitumbukiza mkono. Nahodha aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Hapo Jinja ndipo nilipojifunza namna ya kuishi hosteli, na naomba unisikilize vizuri kwa sababu safari yako yote itategemea hili.

Saa ya kwanza ukifika, usilale. Weka begi kabatini, funga, oga, kisha nenda jikoni. Wapishi, mfagiaji, mlinzi wa lango na binti wa mapokezi, wasalimie kwa majina, na uwaambie lako. Sema umetoka Kisumu. Kila mara kuna mtu ambaye dada yake ameolewa Kisumu, au aliyewahi kununua samaki Busia. Msafiri wa peke yake hana ukoo pale, kwa hiyo ulinzi wake ni kujulikana. Mlinzi anayejua jina lako atagundua hujarudi. Mgeni aliyepita bila kusema neno, hata akitoweka siku mbili, watadhani ameondoka.

Halafu pika. Hosteli yenye jiko ina rafu na friji, na kila chakula huandikwa jina na tarehe ya kuondoka. Nilinunua mukene sokoni, yaani omena yetu, na unga. Ugali kule huitwa posho. Nilipika wa watu watatu nikiwa peke yangu, makusudi. Mjerumani mmoja na dada wawili kutoka Mbale wakaja kuuliza harufu ni ya nini, na kufikia saa mbili tulikuwa tunakula sahani moja. Dada hao ndio walionipeleka Kampala siku ya tatu, tukagawana special.

Liko jambo jingine linalouma kidogo, na bora ulijue mapema. Katika hosteli nyingi wageni ni Wazungu na Waafrika ni wafanyakazi. Mara mbili mgeni alinyoosha kikombe kwangu akitaka chai. Mara ya kwanza nilikwenda nikakaa bwenini na nikataka kurudi nyumbani. Mara ya pili nilimjibu, "Mimi pia ni mgeni, nalala kitanda namba nne, wewe je?" Aliona haya, akaomba radhi, tukazungumza. Huna haja ya kukasirika wala kujificha. Jina lako liko kwenye kitabu kile kile, na umelipa bei ile ile. Tukizidi kwenda, swali hilo litakwisha lenyewe.

Chakula cha barabarani Uganda ni rahisi na kizuri. Rolex ni chapati iliyoviringishwa mayai, kabichi na nyanya. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe, na ukila asubuhi unafika jioni. Katogo ni matoke yaliyopikwa pamoja na mchuzi wake kwenye sufuria moja, chakula cha asubuhi. Kula penye foleni ya madereva.

Lugha

Usitegemee Kiswahili chako sana. Busia na Jinja kinapita. Kampala wengi wanakielewa lakini hawapendi kukijibu, na wazee watakuambia sababu: enzi za utawala wa kijeshi kilikuwa lugha ya askari waliovunja milango usiku. Serikali yao ilikubali 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kumbukumbu haiondoki kwa amri. Kwa hiyo anza na Kiganda. "Oli otya, ssebo?" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke. "Gyebale ko" kwa yeyote anayefanya kazi, ni kama kusema pole na kazi. "Webale" ni asante. Baada ya hapo hata ukiendelea kwa Kiswahili au Kiingereza, mlango umeshafunguka. Kwa sisi Waluhya kuna raha nyingine: "mulembe" yetu na "mirembe" yao ni neno moja, amani.

Saa wanahesabu kama sisi, saa mbili asubuhi ni saa mbili. Lakini programu za kuwekea nafasi huandika kwa saa 24. Hapo ndipo watu hukosa basi.

Kampala kwa haraka

Mimi hukaa Kampala usiku mbili tu. Mji una vilima, msongamano na vumbi, na hosteli nzuri huwa mbali kidogo na katikati. Tumia boda za programu ya simu, bei inajulikana kabla hujapanda na unapewa kofia. Ukipanda ya barabarani, patana kwanza, kisha ushikilie begi mbele, si mgongoni. Old Taxi Park inatisha kwa mara ya kwanza, mamia ya taksi nyeupe zimebanana, lakini kila upande una mji wake. Taja unakokwenda kwa mwanamke anayeuza kitu, naye atakuonyesha kwa kidole. Wanaokuvuta mkono waambie unangoja mtu. Panda mnara wa Msikiti wa Taifa asubuhi, utaviona vilima vyote na utauelewa mji kwa nusu saa kuliko kuuzunguka siku nzima.

Njiani kutoka Jinja mtapita msitu wa Mabira. Taksi ikisimama, wauzaji hukimbilia madirishani na kuku kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi, za kuchoma. Nunua gonja.

Hesabu

Siku 12, usiku 11, kwa safari ya mwisho: vitanda kama 17,700 kwa pesa zetu, chakula 10,700, magari na boda zote 9,750 kutoka Kisumu hadi kurudi, mtumbwi na viingilio 5,400. Jumla haikufika 44,000. Nilikuwa naweka 4,000 kila mwezi kwa miezi 11, kwenye akaunti isiyo na kadi. Kando ya hizo beba akiba ya dharura ya kukurudisha nyumbani siku yoyote, uishone ndani ya mkanda wa begi na usiiguse. Pesa za matumizi zigawe sehemu mbili. Usiku simu iwe ndani ya foronya, chini ya kichwa chako.

Fort Portal

Kutoka Kampala basi hupita Mubende, na safari hiyo ya karibu kilomita 300 huchukua nusu siku. Asubuhi jua litakuwa nyuma yenu. Mji ni mdogo, msafi, chai imezunguka kila upande kama Nandi Hills, na mawingu yakifunguka unaona milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109 na theluji juu. Maziwa madogo yaliyo ndani ya mashimo ya volkano ya kale yako kusini ya mji, na unaweza kutembea kutoka moja hadi jingine kwa siku mbili kwa kuuliza njia kwa watoto. Hapa ningekushauri ukae usiku nne au zaidi. Hosteli huku ni ndogo, nyingine ni nyumba ya mtu iliyoongezwa bweni uani.

Niliyofikia ilikuwa hivyo. Mwenye nyumba, mama wa miaka hamsini na kitu, alinipokea langoni akakataa kunisalimia. Kwanza aliniuliza empaako yangu. Watooro, wenyeji wa huku, wana majina ya heshima 12, Abwooli, Adyeri, Amooti, Akiiki, Atwooki na mengine, na kila mtu hupewa moja utotoni pamoja na jina lake. Kabla ya salamu unauliza empaako ya mwenzako, kisha unamsalimu kwa jina hilo. Mwaka 2013 UNESCO waliiorodhesha desturi hii kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilimwambia sina. Alinitazama kwa huruma kabisa, kama nimemwambia sijala siku mbili. Akafikiri kidogo, akasema, "Adyeri." Ndipo akanisalimu.

Ukifika kule, usingoje uulizwe. Uliza wewe: "Empaako yako ni nani?" Soko zima litakujibu.

Kufikia jioni mtaa uliniita Adyeri. Mwenye duka, fundi viatu, watoto wa lango la pili. Saa tatu usiku nilimwandikia dada yangu kama kawaida, lakini safari hii simu ikalia. Alikuwa mama, amekwenda kumtembelea.

"Leo umelala kwa nani?"

"Kwa Abwooli, mama."

"Abwooli ni nani?"

Nilimpa simu mwenye nyumba, aliyekuwa akiosha sufuria karibu yangu. Akapangusa mikono kwenye leso, akaishika simu kwa mikono miwili, na kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Mama Adyeri, mtoto amekula."

Upande wa pili ulinyamaza kidogo. Kisha nikamsikia mama akiuliza amekula nini.